Usihesabu mistari, itafute kwa maneno yake

Juzi kijana mmoja wa Wete kaniandikia: "Kaka, Git inasema mstari ule nimeuandika mimi, na wallahi sikuuandika. Kesho nina kikao, nifanye nini?" Git ni programu inayoweka kumbukumbu ya nani kabadilisha nini kwenye msimbo, yaani maandishi ya programu. Nimeusoma ujumbe wake mara tatu, maana yaliyomfika yeye yalinifika mimi.

Nilikuwa kwenye afisi moja hapa mjini Unguja, tunatengeneza programu ya tiketi za boti. Asubuhi moja nauli ya mtoto ikawa inatoka sawa na ya mtu mzima. Mkubwa wetu akachukua karatasi ya msimbo iliyochapishwa mwezi uliopita, akatazama nambari za mistari, akaandika mbele ya watu wote:

`git blame -L 40,60 nauli.py`

Amri hiyo inaonyesha nani aliyegusa mwisho kila mstari, wa 40 mpaka wa 60. Jina langu likajaa kioo kizima. "Si wewe huyu?" Nikainamisha kichwa nikaomba radhi. Niliomba radhi kwa kosa la mtu mwengine, na mpaka leo linaniuma.

Usiku sikulala. Nikaifungua faili nikaona: mwenzetu alishaongeza mistari juu, hesabu ya nauli ikasukumwa chini mpaka sabini na kitu. Ile 40 mpaka 60 ilikuwa yangu kweli, lakini ni ya kuchapisha tiketi! Nambari ya mstari inahama kila faili ikiguswa. Jina la kazi (function, kipande cha msimbo chenye jina lake, kinachoanza na `def`) halihami ovyo. Basi nikaitafuta historia yake kwa ruwaza, yaani kwa maneno yanayofanana na mstari ninaoutaka, la mwanzo na la mwisho:

`git log -L '/^def nauli_ya_mtoto/,/return/:nauli.py'`

Hapa tulieni kidogo. Ruwaza ya pili inaanza kutafutwa baada ya mstari wa mwanzo, na inasimama inapokutana na `return` (mstari unaorudisha jibu) ya kwanza. Kwangu ya kwanza ilikuwa ya mtoto mchanga asiyelipa, kwa hiyo hesabu yenyewe ikabaki nje. Nikabadilisha mwisho uwe `/^def /`, yaani mpaka kazi inayofuata, na historia yote ikamwagika, komiti (badiliko lililohifadhiwa) moja baada ya nyengine. Katikati yake: `nauli / 2` imefutwa, imewekwa `nauli`. Jina halikuwa langu.

Asubuhi nikampelekea mkubwa. Akasema, "Haya, tushajua." Wale waliokuwepo siku ile hakuwaita.

Kwa hivyo vijana wenzangu, msikubali lawama ya nambari. Ruwaza, ruwaza, ruwaza. Hata `git blame` inaipokea: `-L '/^def nauli_ya_mtoto/,+15'` ni mistari kumi na tano kuanzia hapo. Ziwekeni ruwaza ndani ya alama za kunukuu, terminali (dirisha la kuandikia amri) isije ikazivuruga. Na kumbukeni blame inamtaja aliyegusa mstari mwisho tu, hata kama alisogeza nafasi tupu tu. Ongezeni `-w` iziache nafasi. Mtu anayetaka haki yake asome historia nzima.

Mdogo wangu wa Wete, iendeshe amri ya `git log -L` leo usiku, uchapishe matokeo, uingie nayo kikaoni mkononi.