Kuunganisha ndege JNIA, Dar es Salaam: saa mbili hazitoshi

Ndugu, umeuliza kama saa mbili zinakutosha kutoka ndege ya Mwanza hadi ya Dubai. Kwa tiketi mbili tofauti, hapana. Acha angalau nne.

JNIA, yaani Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, ulikua kwa vipande. Jengo la Kwanza la abiria ni la miaka ya 1950. La Pili, lililobuniwa na Mfaransa Paul Andreu, lilifunguliwa 1984. La Tatu, la abiria milioni 6 kwa mwaka, lilizinduliwa 2019, nalo limesimama peke yake.

Ukishukia la Pili, unachukua begi, unatoka nje, unapanda gari hadi la Tatu, kisha unaanza upya: ukaguzi, kaunta, uhamiaji. Foleni ya mizigo ndiyo inayowaponza wengi. Soma namba ya jengo kwenye tiketi zote mbili.