Diski ina nafasi tele, mbona Skyrim inakataa modi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Xbox One ya GB 500, na nimeichomekea diski ya nje ya TB 1 ambayo bado iko karibu tupu. Nacheza Skyrim Special Edition. Nikitaka kuongeza modi (nyongeza zinazotengenezwa kubadilisha gemu) naambiwa nafasi imejaa, wakati nilizonazo nikizijumlisha hazifiki hata GB 4. Rafiki yangu anachezea kwenye kompyuta, ana modi mamia na hajawahi kukutana na ujumbe huo. Je, ninunue diski kubwa zaidi, au nihamie PlayStation? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Diski usinunue, na PlayStation usiifikirie kabisa kwa ajili ya modi. Nitakueleza sababu ya yote mawili.

Nafasi unayoambiwa imejaa si ya diski yako. Ni mgao ambao Skyrim imetengewa kwa modi peke yake ndani ya Xbox, nao ni GB 5. Hata uchomeke diski ya TB 10, mgao unabaki uleule. Kwenye konsoli, yaani mashine za gemu kama Xbox na PlayStation, gemu hairuhusiwi kuandika popote inapotaka: hutengewa eneo lenye ukubwa uliopangwa, na hapo ndipo inapoishia. Gemu nyingine, Fallout 4, ilipofunguliwa kwa modi kwenye Xbox One, Mei 2016, ilipewa GB 2 tu, kwa hiyo nyie wa Skyrim mlipendelewa. Kwenye kompyuta ya rafiki yako hakuna mgao wa namna hiyo. Modi zake ni mafaili ya kawaida kwenye folda, na diski ikiwa na nafasi, zinaingia.

Sasa ile GB 1 na zaidi unayoona imepotea. Hili ni tatizo linalojulikana sana kwa wachezaji wa Xbox. Upakuaji ukikatika katikati, au modi ikisasishwa vibaya, mabaki yake hubaki ndani ya ule mgao bila kuonekana kwenye orodha. Huyaoni, lakini yanahesabiwa. Dawa ni kufuta eneo zima na kuanza upya. Kwanza andika pembeni majina ya modi zako na mpangilio wake. Hakikisha nakala za mchezo uliouhifadhi zimeshapanda mtandaoni. Kisha funga gemu, nenda kwenye sehemu ya kusimamia mchezo, fungua data zilizohifadhiwa, utaona kipengele kilichoandikwa "Reserved Space". Futa hicho tu, usiguse jina lako lililo jirani nacho, kwa sababu humo ndimo ulimo mchezo uliouhifadhi. Modi zote zitaondoka na utazipakua upya, kwa hiyo fanya kazi hii siku ambayo bando linatosha.

Ukishapata GB 5 zako kamili, swali linakuwa unazitumiaje, na hapa watu wengi hupotea. Kinachokula nafasi ni picha zinazovishwa juu ya maumbo: ngozi, mawe, vyuma, mbao. Picha moja yenye pikseli 4096 kwa 4096, iliyobanwa kwa njia ya kawaida ya magemu ya kizazi hiki, huchukua kama MB 16. Ongeza nakala zake ndogo zinazotumika kitu kikiwa mbali, inafika MB 21 hivi. Na kitu kimoja hakina picha moja. Kina ya rangi na ya mabonde na miinuko, kwa uchache. Vazi moja la vita limeshakula zaidi ya MB 40. Vazi hilohilo likitengenezwa kwa pikseli 1024 kwa 1024 linachukua chini ya MB 3, yaani sehemu moja ya kumi na sita. Faili la modi likibanwa tena kwa ajili ya kupakuliwa namba hizi hushuka, ila uwiano unabaki palepale. Ukiwa umekaa mita mbili na nusu kutoka kwenye televisheni, sioni sababu ya kuvisha kila sufuria ya mji wa Whiterun picha ya 4096. Waundaji wengi huweka matoleo mawili matatu ya modi moja. Chukua dogo, na lile kubwa liache kwa vitu vinavyojaza skrini, kama milima na ardhi.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua dogo. Xbox One ina memori ya GB 8, ambayo prosesa na sehemu ya picha zinagawana, na mfumo wenyewe unachukua fungu lake. Gemu inabaki na kama GB 5. Modi nzito zinaweza kuenea vizuri kwenye mgao, halafu ukiingia mjini gemu inajifunga na kukurudisha kwenye skrini ya mwanzo. Wengi hulaumu modi ya mwisho waliyoweka, kumbe ni uzito wa zote kwa pamoja.

Rafiki yako naye asijione hana mipaka. Kila kitu ndani ya Skyrim kina namba ya utambulisho yenye tarakimu nane (za kuhesabu kwa kumi na sita, 0 hadi 9 kisha A hadi F), na mbili za kwanza hutaja faili kilikotoka. Kwa sababu hiyo mafaili kamili ya modi, pamoja na ya gemu yenyewe, hayawezi kuzidi 254. Mwaka 2017 yalikuja mafaili mepesi yanayogawana namba moja, na hayo yanaweza kufika 4096. Ukuta huu ni wa injini ya gemu, kwa hiyo upo kwenye kompyuta pia.

Tofauti kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, haimo kwenye gigabaiti. Imo kwenye msimbo. Modi nyingi nzuri za kompyuta, SkyUI inayoboresha menyu ikiwemo, zinategemea programu iitwayo SKSE, inayoingia ndani ya gemu wakati inaendeshwa na kuiongezea uwezo ambao haikuzaliwa nao. Konsoli huendesha msimbo ulioidhinishwa tu, kwa hiyo SKSE haiingii. Hata Xbox ingekupa GB 500 leo, SkyUI isingefanya kazi.

PlayStation imebana zaidi. Sony ilipokubali modi mwishoni mwa 2016, iliweka sharti kwamba modi zitumie tu vilivyomo ndani ya gemu. Picha mpya, sauti mpya, maumbo mapya, skripti mpya, vyote haviruhusiwi. Mgao wa Skyrim kwenye PS4 ni GB 1, na PS5 haikuliondoa sharti hilo. Utabadilisha hali ya hewa, utapanda miti, utasogeza nyumba, lakini lile vazi la vita la mfano wetu hutalivaa.

Kwa hiyo safisha mgao, weka upya modi ulizoandika kwa matoleo madogo, na ujaribu kwa wiki moja. Ukiona bado unatamani zile za SKSE, pesa ya diski iweke kwenye kompyuta. Mahitaji ya chini ya Skyrim Special Edition ni RAM ya GB 8 na kadi ya picha ya kiwango cha GTX 470, kadi ya mwaka 2010. Kompyuta ya mezani iliyotumika, ukiiongezea kadi ya picha iliyo juu kidogo ya hiyo, itakutosha kuanza. Kabla ya kununua kadi, fungua boksi uangalie nguvu ya pawa saplai na kama ina waya wa kulisha kadi, maana kompyuta nyingi za ofisini hazina.