Dakika 20 za Simu na Jalada la Mgonjwa

SWALI: Mimi ni muuguzi kutoka Kisumu, na sasa ninafanya kazi katika kliniki ya mzio na magonjwa ya kinga ya mwili huko Minnesota, Marekani. Kila mwezi tunawapigia simu wazee wenye pumu, kisha kliniki inaidai Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani inayohudumia hasa wazee. Mwezi unapoisha tunaagizwa kuandika katika kila jalada, “Dakika 20, ufuatiliaji wa pumu.” Juzi bibi mmoja aliuliza kwa uchungu kwa nini ametumiwa bili ilhali hakufika kliniki. Tunakosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, nitaanza na bibi huyo. Huduma ya kusimamia magonjwa sugu, ambayo simu kama zenu hudaiwa chini yake na ambayo Medicare ilianza kuilipia kivyake mwaka 2015, inataka mgonjwa aridhie kwanza, kwa mdomo au kwa maandishi, na ridhaa hiyo iwekwe katika jalada. Kabla ya kuridhia ni lazima aelezwe kwamba huenda akachangia gharama, kwa kawaida asilimia 20 ikiwa hana bima ya ziada. Kwamba mhudumu mmoja tu ndiye anayeweza kulipwa kwa huduma hiyo katika mwezi mmoja. Na kwamba ana haki ya kujitoa wakati wowote. Fungueni jalada lake leo. Msipoiona ridhaa, mwarifuni anayeshughulikia madai, wala msiiandike sasa kwa tarehe ya zamani, maana huko ni kughushi.

Sasa dakika. Huduma hiyo, inayohitaji angalau dakika 20 kwa mwezi, ni ya mwenye magonjwa sugu mawili au zaidi, yanayotarajiwa kudumu angalau miezi 12 na kumtia katika hatari kubwa. Kwa ugonjwa mmoja mzito ipo huduma nyingine, iliyoanza mwaka 2020, lakini hiyo inahitaji angalau dakika 30 kwa mwezi. Kwa hiyo sentensi yenu, inayotaja pumu peke yake na dakika 20, haitoshelezi hata moja kati ya hizo mbili. Tena dakika 19 hazihesabiwi kuwa 20, na zinazobaki hazihamishiwi mwezi ujao. Muda wa kumchoma mgonjwa sindano za mzio nao usiuingize humo, kwa kuwa hulipiwa kivyake.

Andika mara simu inapokatwa, kwa mfano: “Tarehe 4, dakika 12. Wiki hii ameamka usiku mara tatu akikohoa. Dawa ya kuvuta ya kila siku ilimwishia wiki mbili zilizopita, anategemea ile ya dharura. Nimezungumza na famasia. Mwanawe ataichukua leo. Daktari amearifiwa.” Maneno hayo yatamridhisha mkaguzi, lakini mimi ninamfikiria zaidi mwenzako wa zamu, kwa sababu mgonjwa wa huduma hii anapaswa kumpata mhudumu saa zote, na bibi huyo akipiga simu saa nane usiku huku anahema, jalada ndilo litakalomweleza mwenzako aanzie wapi.

Msimamizi akishikilia utaratibu wa zamani, mwekee mbele majalada kumi ya mwezi uliopita, yote yakiwa na dakika 20 kamili na sentensi ileile, umwombe akuonyeshe ni lipi la bibi huyo bila kusoma jina.