Maswali ya Wasomaji: Pancha mbili kwenye njia ya mfereji

SWALI: Nina baiskeli ya mbio yenye tairi za milimita 25. Niliingia njia iliyo kando ya mfereji wa C&O (Chesapeake na Ohio) pale Georgetown, Washington, nikielekea maporomoko ya Great Falls. Sijafika nusu nikapata pancha. Nikabadilisha tyubu, na kabla ya kilomita moja ikaisha upepo tena. Kosa ni la tairi au la njia? Na mji wa Harpers Ferry nitafika kwa siku moja?
Msomaji, Silver Spring

JIBU: Ndugu msomaji, kabla hujailaumu njia, zijaze upepo tyubu zote mbili uzitazame. Matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba, kama alama za meno ya nyoka, ni dalili kwamba tyubu ilibanwa kati ya jiwe na rimu: upepo ulikuwa mdogo, au tairi ni nyembamba mno. Tundu moja upande wa nje ni mwiba au kioo. Likiwa upande wa ndani, kagua utepe unaofunika vichwa vya spoki. Ukihama, chuma hutoboa tyubu.

Hiyo pancha ya pili, mara nyingi ni mwiba uleule uliobaki kwenye tairi. Pitisha kitambaa cha pamba ndani ya tairi, mzunguko mzima. Hunasa kwenye ncha ambayo kidole kingeipita. Ukizoea kufunga tairi maandishi yake yakiwa penye nozeli, tundu la tyubu litakuelekeza pa kutafuta. Kisha ipe tyubu mpya upepo kidogo tu ili ijiviringe, ivalishe, halafu zunguka pande zote mbili ukihakikisha haijakaliwa na ukingo wa tairi. Ikikaliwa, hupasuka kwa kishindo ukimalizia kupampu.

Njia yenyewe ni udongo na kokoto zilizosagwa, penye mizizi na mawe. Nyumbu (chotara wa punda na farasi) ndio waliopita hapo wakivuta mashua, hadi mfereji ulipofungwa mwaka 1924. Panafaa tairi za milimita 35 hadi 40. Kwa mtu wa kilo 75, anza na PSI (kipimo cha upepo wa tairi) 45 nyuma na 40 mbele kwa tairi za 38. Ila pima fremu kwanza: acha nafasi ya milimita 5 kila upande, kwa sababu tope la pale hunata, likajazana kwenye breki na madigadi hadi gurudumu ligome kuzunguka. Mvua kubwa ikinyesha, subiri siku mbili.

Kama hutaki kubadilisha tairi, pita Capital Crescent, njia ya lami ya kilomita 11 hivi kutoka Georgetown hadi Bethesda. Mpaka Fletcher's Cove inaandamana na mfereji.

Harpers Ferry iko kilomita 98 kutoka mwanzo wa njia. Kwa mwendo wa kilomita 14 kwa saa, ni saa saba za kukanyaga pedali, bila kuhesabu mapumziko. Usidanganywe na utambarare: hakuna mteremko wa kukupumzisha, makalio na viganja havipati nafuu. Kila dakika kumi simama juu ya pedali kidogo. Beba lita tatu za maji. Kwenye kambi za njiani kuna pampu za mkono, lakini hufungwa majira ya baridi, na pampu iliyoondolewa mpini haitumiki. Ukifika, daraja la kuvukia mto Potomac lina ngazi. Mzigo mzito utakuelemea hapo.

SWALI: Tukikutana na watembea kwa miguu na farasi, nani ampishe mwenzake?

JIBU: Mwenye baiskeli huwapisha wote. Kengele ni lazima, mwendo usizidi kilomita 24 kwa saa, na juu ya madaraja yanayoupitisha mfereji juu ya mito, kama lile la Monocacy, unashuka na kuikokota baiskeli. Kwa farasi, kengele peke yake haitoshi. Punguza mwendo, msemeshe mpanda farasi ungali mbali, asikie sauti ya mtu, na upite atakapokuruhusu.