"Port" si bandari tu

Juzi umeingia ujumbe kutoka kwa kijana aliyeanza kazi kwenye ofisi ya wakala wa forodha hapa Tanga: "Shikamoo kaka. Kwenye barua pepe ya wakala wa meli nimekuta 'port' mara tatu, nikaandika bandari mara tatu. Bosi kacheka mpaka kakaa chini. Nimekosea wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Moja umepata, mbili umekosa. Ni ule ugonjwa wa kukariri neno moja la Kiingereza kwa neno moja la Kiswahili, kama mtu anayejua tanga la chombo na hajapata kusikia habari ya matanga.

Kilatini kilikuwa na maneno matatu: portus ni bandari, porta ni lango, portare ni kubeba. Kiingereza kikayapokea yote, mengi kupitia Kifaransa, kikayavalisha sare moja. Kwa hiyo kabla hujauliza maana, uliza: huyu mtoto wa nani?

Wa portus hana shida. "Port of loading" kwenye BL, yaani hati ya shehena ya meli, ni bandari ya kupakilia, "port of discharge" ni ya kushushia. Ukizichanganya, robota za mkonge zinazotoka Tanga zitasomeka zinakuja Tanga, na kusahihisha hati ni gharama.

Wa porta ni kitu chenye tundu au mlango. "Porthole" ni kidirisha cha duara ubavuni mwa meli. Kwenye kompyuta, "port" ni tundu la kuchomekea waya, au mlango wa namba ambao programu hupitishia mawasiliano, kuanzia 0 hadi 65535. Tovuti ya kawaida hutumia 80, yenye usalama 443. Umeambiwa ufungue "port 443", ukaandika "fungueni bandari 443". Pwani yetu yote haina bandari za kutosha hesabu hiyo!

Wa portare wamejaa ofisini kwako: "import" ni kubeba kuingiza, "export" kubeba kutoa, "transport" kubeba kuvusha. Hata ripoti yetu imetoka huko, kubeba na kurudisha. Angalia "porter": anayekuchukulia mizigo ni mtoto wa portare, lakini bawabu wa mlangoni, naye huitwa "porter", ni mtoto wa porta. Wawili tofauti, jina moja.

Sasa "port side", ndipo wengi wanapozama. Ni ubavu wa kushoto wa chombo ukiwa umeelekea omo, yaani mbele. Vyombo vya zamani vya Ulaya ya kaskazini vilikuwa na kasia la usukani ubavu wa kulia, karibu na tezi, yaani nyuma. Ndiyo asili ya "starboard": Kiingereza cha kale kilisema steorbord, ubavu wa usukani. Nyota haimo kabisa. Kasia hilo lisije likabanwa na gati, chombo kilifungwa kwa ubavu wa kushoto, ule unaotazama bandari. Zamani kushoto kuliitwa "larboard", lakini ukipigiwa kelele kwenye upepo, "larboard" na "starboard" hazina tofauti. Mwaka 1844 jeshi la majini la Uingereza likaamuru itumike "port". Usiku utautambua kwa taa: nyekundu ni kushoto, kijani ni kulia.

Usiitafsiri kwa goshini, upande upepo unakotoka, wala demani, upande unakoelekea. Hizo hufuata upepo, chombo kikibisha zinahama. "Port" haihami, hata ukigeuka ukatazama tezi nayo ikawa mkono wako wa kulia. Andika "ubavu wa kushoto wa meli", basi.

Kuna na mvinyo uitwao "port", uliopewa jina la mji wa Porto, mdomoni mwa mto Douro. Portus Cale ya huko ndiyo iliyozaa jina Portugal, ingawa sisi tuliwaita Wareno kwa neno lao reino, ufalme. Na "opportunity" je? Kilatini ob portum, kuelekea bandarini, kilisemwa juu ya upepo unaokupeleka nyumbani. Nahodha wa mashua atalielewa hilo haraka kuliko mwenye digrii.

Kazini, tazama jirani wa neno. Likifuatwa na "of", ni bandari. Likiwa na "side", "bow" au "light", ni kushoto. Likiwa na namba, waya au kitendo cha kufungua, ni tundu au mlango. Likianza na herufi kubwa kabla ya jina, kama Port Said, liache lilivyo. Jirani kwanza, kamusi baadaye. Narudia: jirani kwanza.

Na bosi wako muulize "starboard" imetoka wapi. Akijibu ubao wa nyota, kaa chini nawe ucheke.