Kijiko Kwenye Mizani

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa darasa la nne hapa Muheza. Mwaka jana niliingia shindano la hadithi la saa 48. Ijumaa jioni tukatumiwa masharti: iwe hadithi ya mzimu, itokee kwenye mizani ya kupimia malori, na ndani yake kiwemo kijiko. Maneno yasizidi 1,000. Jumamosi nzima niliikodolea macho karatasi. Jumapili ndipo mkono ulipofunguka, nikaandika mpaka maneno 2,700. Kupunguza nikashindwa, nikakata mwisho wote, nikatuma hivyo hivyo. Mwamuzi aliniandikia mstari mmoja tu: "Kijiko kimefuata nini humu?" Mwaka huu nataka kurudi. Nifanyeje?
– Mwalimu, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu. Naona mstari wa mwamuzi ulikuchoma, maana umeunukuu mpaka alama ya kuuliza. Uchukue, uubandike juu ya meza yako. Hakuna swali litakalokufaa kuliko hilo.

Mtu anayetoa maneno 2,700 kwa siku moja anajua kuandika, kwa hiyo hapo sina wasiwasi nawe. Wasiwasi wangu uko kwenye Jumamosi yako. Uliketi ukisubiri hadithi ije nzima nzima, imeoga na kuvaa. Haiji hivyo. Jumamosi asubuhi ni wakati wa kuchafua karatasi: andika kila linalokujia kuhusu mzimu, mizani na kijiko, hata la kipuuzi, kisha futa la kwanza, la pili na la tatu. La kwanza ulilolipata nadhani nalijua: dereva alikufa ajalini, sasa anatokea usiku pale mizani. Sivyo? Na wenzako wote walilipata hilo hilo. Mashindano mengi ya namna hii huwagawa washindani katika makundi, na kundi zima hupewa masharti yaleyale. Hebu mfikirie mwamuzi, yuko kwenye hadithi ya kumi na tano ya mizani na kijiko, na dereva wa kumi na tano aliyekufa ajalini ndiyo kwanza anajitokeza kwenye ukungu.

Basi niliposoma barua yako niliweka kikombe chini nikajaribu mwenyewe. Nikajiuliza: mizani kazi yake nini? Kupima uzito. Na mzimu umekosa nini? Mwili, yaani uzito. Hapo nikahisi kitu kinanivuta. Ikiwa mzimu huu una uzito? Lori la ekseli saba haliruhusiwi kuzidi tani 56 katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Lori hili linafika usiku, karatasi zake zinaonyesha halijavuka kiwango hicho, lakini mizani inasema limezidi kilo 60. Dereva ameshashuka, mpimaji anapima tena. Bado 60. Anapanda mwenyewe kuchungulia ndani ya kichwa cha lori: hakuna mtu. Anashuka, anaangalia namba. Sitini. Kisha anauliza swali la kawaida kabisa, "Utingo wako leo yuko wapi?", na dereva anageuza uso.

Kijiko sasa. Utingo hula njiani, kwenye mabakuli ya mama lishe, na wapo wanaotembea na vijiko vyao. Kijiko cha huyu kimechomekwa pembeni ya kioo cha mbele, mpini umepinda. Mpimaji anakichomoa akiangalie vizuri, na huko nje namba zinashuka kilo 60. Hadithi inaishia hapo, naye amesimama na kijiko mkononi. Sababu ya kifo cha yule kijana, na kwa nini dereva hatazami upande wa kushoto, vitakuwa vimeshadondoka kimojakimoja katika majibu ya dereva.

Sikupi hadithi hii uitume, mwalimu. Nimekuonyesha njia niliyopita. Kitu ulichopewa kiweke pale ambapo ukikitoa hadithi inaanguka, kama unavyouchomoa mwiko kwenye ugali unaosongwa, kazi ikalala. Kwako wewe kijiko kilikuwa wapi? Nahisi kilikuwa mezani kwa mpimaji, kwenye kikombe cha chai, umekitaja mara moja ili masharti yatimie. Kuna shindano la Marekani linaloitwa NYC Midnight, limeanza mwaka 2002, ambalo katika mashindano yake ya maneno 1,000 kwa saa 48 hukupa aina ya hadithi, mahali na kitu kama ulivyopewa wewe. Kanuni zake zinataka sehemu kubwa ya hadithi itokee mahali hapo, na kitu chenyewe kiwepo kwa umbo lake, kisiishie kutajwa mdomoni tu. Ndivyo kanuni isemavyo. Moyo wa mwamuzi unataka zaidi ya kuwepo.

Tuje kwenye maneno yako 2,700. Yaangalie tena. Naweka dau kwamba mpimaji anaamka, anapiga mswaki, anaagana na mkewe, anapanda bodaboda, anafika kazini, anapokea zamu, na mpaka hapo umekwisha maliza 900. Maneno 1,000 yanabeba usiku mmoja, watu wawili, jambo moja. Anza lori likiwa tayari limepanda juu ya mizani. Ulikata mwisho, mwanangu, na mwisho ndio aliokuwa akiusubiri msomaji. Kilichotakiwa kukatwa ni mwanzo.

Halafu, Kiswahili chenyewe kinakupa nafasi usiyoitumia. "Hatukuwaona" ni neno moja. Mwingereza huhitaji matano. Lakini sisi tunaipoteza faida hiyo kwa uandishi wa kiofisi. Tazama sentensi hii: "Dereva ambaye alikuwa anaendesha lori hilo alimwangalia mke wake." Maneno tisa. "Dereva wa lori alimwangalia mkewe." Matano, na hakuna aliyeumia. Pita kwenye kazi yako na kalamu nyekundu, kama unavyosahihisha madaftari ya darasa la nne. Kila "ambaye" uliulize kama haliwezi kuwa "-ye-" ndani ya kitenzi. Kila "ndugu yake" lijaribu "nduguye". "Kwa ajili ya" ni maneno matatu, na mara nyingi kitenzi chenye "-ia" kinatosha: badala ya "alipika kwa ajili ya watoto", "aliwapikia watoto". Niliwahi kuokoa maneno 140 kwa njia hii katika hadithi ya maneno 1,000, na wala sikugusa tukio hata moja. Hayo 140 nikayatumia mwishoni, palipokuwa pembamba.

Kuhusu saa zenyewe, mimi hufanya hivi: jioni ya kwanza nasoma masharti nalala nayo, siandiki. Asubuhi nachafua karatasi mpaka adhuhuri. Mchana naandika mfululizo bila kurudi nyuma. Usiku siigusi. Siku ya pili nasoma kwa sauti, nakata, nasoma tena. Chaji ya simu na bando nashughulikia kabla ya yote, maana umeme haungoji mtu amalize hadithi.

Na usome tarehe ya mwisho kama unavyosoma hati ya kiwanja. Mimi ni mtoto wa Pangani. Kwetu, usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Siku huanza jua linapozama. Miaka ya nyuma niliingia shindano lililosema kazi ziwasili "kabla ya saa sita usiku wa Jumapili". Nikaelewa kwa lugha ya mama yangu. Jumamosi usiku, saa tano na dakika hamsini, nikatuma hadithi ambayo ukurasa wake wa mwisho niliuandika kwa robo saa, mikono inatetemeka. Siku ya pili mchana nikampigia rafiki tuliyeingia naye kumpa pole ya uchovu. Akaniambia, "Subiri dada, bado naandika." Nilikuwa nimebakiwa na siku nzima. Ile hadithi ilikuwa ya bibi anayesuka ukili akimsubiri mwanawe aliyekwenda baharini, na mpaka leo nausikia mwisho wake uliostahili, ule ambao sikuupa nafasi. Usione haya kuwaandikia waandaaji na kuwauliza: usiku upi?

SWALI: Mama, shikamoo. Niko Kidato cha Nne, Mombasa. Katika insha ninapata alama nzuri, 17 au 18 kwa 20. Nimeingia mashindano mawili ya hadithi na sikutajwa hata katika orodha ndefu. Kwani insha na hadithi si kitu kimoja?
– Msichana wa Kisauni

JIBU: Marahaba binti. Mtihani wako ni shindano la muda kama haya mengine. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wenu wa kumaliza sekondari huko Kenya, inakupa saa moja na dakika 45 kwa insha mbili, na mara nyingi mojawapo ya maswali ni kisa cha methali, au kisa kinachoanza au kuishia kwa maneno uliyopewa. Mazoezi hayo ni mali. Unajua kuanza ukiwa na hofu, na unajua kumaliza kengele ikikaribia. Watu wazima wengi hawana hilo.

Kinachokuangusha ni mapambo. Niambie kweli: hadithi zako zilianza na jua likichomoza, miali ikipenya dirishani, ndege wakiimba? Na moja iliishia kwa mtu kugutuka usingizini, kumbe ilikuwa ndoto? Mtahini anakupa alama kwa tamathali na methali kwa sababu anapima lugha yako. Mwamuzi wa hadithi lugha hiyo anaitarajia kwako tangu mwanzo. Anachotafuta ni mtu mmoja aliye katika shida moja. Katika insha unaeleza maana ya methali mwanzoni ili mtahini ajue umeielewa. Katika hadithi, ukipewa "Mchelea mwana kulia hulia yeye", usiitaje kabisa. Niandikie mama anayefungua pindo la kanga mara ya tatu wiki hii kumpa mwanawe hela, naye anaona kwamba leo mtoto hakumwangalia usoni. Mimi msomaji methali nitaifikia peke yangu, na nitafurahi kuifikia.

Alama zako za insha usiziache. Mtihani ni mwaka huu, hadithi zinakusubiri.

SWALI: Habari za kazi, Mama. Naona mashindano haya ya saa 48 mengi ni ya Kiingereza tena yana kiingilio. Sisi wa Kiswahili tuna chetu? Na hiyo saa yao ya Marekani inahesabiwaje?
– Fundi cherehani, Dodoma

JIBU: Nzuri, fundi. Ya Kiswahili yenye saa chache hutangazwa zaidi na vikundi vidogo vya waandishi, yanakuja na kuondoka, kwa hiyo ukilisikia moja usilipe mgongo. Ya muda mrefu yapo. Tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola hupokea hadithi kwa Kiswahili, maneno 2,000 hadi 5,000, bila kiingilio. Wengi hapa kwetu hawalijui hili, nami hulirudia kila nipatapo nafasi. Ukiwa na mswada wa riwaya au diwani ya mashairi, ipo Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell.

Ukitaka kujaribu Kiingereza bila kutoa shilingi, wapo Waaustralia na Furious Fiction yao: maneno 500, saa 55, bure. NYC Midnight wao wanatoza, lakini kila mshindani hupata maoni ya waamuzi, hata aliyetolewa raundi ya kwanza, na maoni ya mtu asiyekujua ni kitu adimu. Kama pesa hiyo ni ya kitambaa cha mteja, usiiguse.

Saa yao ni hivi. Wakiandika 11:59 PM ya New York, ni dakika moja kabla ya saa sita ya usiku wa kule. Kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Novemba, wanaposogeza saa zao mbele, sisi tumewatangulia kwa saa saba. Miezi iliyobaki, nane. Basi shindano lao la saa 48 likianza Ijumaa usiku kwao, kwetu ni Jumamosi saa 12 na dakika 59 asubuhi, au saa 1 na dakika 59 wakati wa baridi yao. Linafungwa Jumatatu wakati huohuo. Maana yake unazo Jumamosi na Jumapili kamili, mchana na usiku, na Jumatatu unatuma kabla hujafungua duka.