Kuhusu ile blenda

Pangani

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Uliniuliza kwenye simu kwa nini bado nakaa juu ya mbuzi nikikuna nazi, na blenda uliyoniletea iko kabatini. Nilicheka tu. Leo nakujibu.

Kwanza usidhani mama yako anapenda tabu. Kinu na mchi nilivipa kisogo siku mashine ya kusaga ilipofunguliwa huku kwetu, na hakuna atakayenirudisha kutwanga mahindi. Maji ya bomba nayashukuru kila asubuhi, maana kisima nakijua.

Lakini nazi ni habari nyingine. Nikiivunja naisikia harufu kabla haijachanganyika na nyingine. Nazi mbovu harabu ya nzima, na wazee hawakusema kwa mfano tu. Nikikuna, meno ya mbuzi yakifika kwenye lile ganda la kahawia mlio unabadilika, naacha. Blenda haisikii. Inasaga yote, tui linatoka na rangi ya majivu. Tena haizunguki bila maji, kwa hiyo tui zito unalipoteza kabla hujalipata. Mimi nazi mbili nazikamua kwanza kwa kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, hilo naliweka kando. La pili, lile jepesi, ndilo linalochemshia kunde. Zito linaingia mwisho, na hapo unakoroga usiache, lisije likakatika. Machicha wanakula kuku, vifuu nawashia moto wa kuchomea samaki.

Hayo ni ya jikoni. Lipo jingine, sikutaka kulisema kwenye simu.

Siku uliyoniambia umeacha chuo ulikuwa juu ya mbuzi, umeinamia kifuu, mimi napepeta mchele nyuma yako. Ulikuna nazi tatu wakati tulihitaji moja. Sikukukatiza. Tungekuwa tumekaa mezani tunatazamana, ungesema "chuo salama, mama" na kesho yake ungepanda basi. Siku hizi chakula unaagiza, bodaboda anakuletea mlangoni. Sikulaumu, foleni ya Dar inakula jioni nzima. Nauliza tu, wewe na mwanao mnaongea saa ngapi?

Mgongo unauma, sikufichi. Ndiyo maana sikuni tena kila siku. Ijumaa, na siku nikipata wageni. Na blenda nimeitumia, maembe yalipojaa. Juisi yake nzuri, hata jirani kaja kuomba.

Ukitaka kuniletea kitu, niletee kifumbu cha kukamulia tui. Wasusi wa ukili huku wamepungua, nimebaki kukamulia kitambaa, na chujio la plastiki linapitisha machicha. Uliza sokoni Kariakoo. Kiwe cha ukili kweli, na ukivute kwanza kabla hujalipa.

Mama yako